Shikamoo ya Shimoni

Harufu ya mti wa mkulo ukipasuliwa mbichi hupanda puani kwa ukali, utadhani umepakwa dawa ya kifua. Wengine huipenda. Mimi hadi leo nikiisikia kwenye kabati la mtu, huondoka chumbani. Enzi za Mwingereza, nikiwa na miaka minane hivi, baba yangu alipasua mbao katika msitu wa juu ya Kwai, na kila mchana mimi ndiye niliyempelekea bada, ugali wetu Wasambaa. Gogo lililazwa juu ya shimo refu kuliko mtu. Mjomba alisimama juu ya gogo, baba akawa chini shimoni, wakavutana msumeno, unga wa mbao ukimmwagikia baba kichwani. Nililiogopa shimo lile, jamani! Niliona ni kaburi lililochimbwa mapema, na baba analiingia kila asubuhi kwa miguu yake mwenyewe.

Siku moja wakati wa masika alikuja mpiga picha kutoka Lushoto mjini, na kamera yake ya miguu mitatu. Nilipofika tu, kabla sijasalimia mtu, akanipanga na kikapu changu ng'ambo ya shimo. "Asitikisike mtu mpaka nitoke humu," alisema, akajifunika kitambaa cheusi. Hapo nikaiona kabari, kile kipande cha mti kilichozuia gogo lisibiringike, ikiteleza taratibu kwenye tope. Mjomba alikuwa ameikazia macho kamera, na baba kule chini haoni chochote.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kwetu mtoto hakumwambia mkubwa neno lolote kabla ya salamu, na mama alishanifinya kwa kosa hilo mara nyingi. Nilipofungua kinywa nipige kelele, kilichotoka ni, "Shikamoo, baba!"

"Marahaba, mwanangu," alijibu kutoka shimoni, kwa furaha kabisa. "Mama yako hajambo?"

"Hajambo," nikasema. Wallahi, nilisema hajambo! Ndipo nikalia, "Baba, kabari! Toka!"

Mjomba aliruka pembeni. Baba aliparamia ukingo, akatoa kiwiliwili, akatoa mguu mmoja. Wa pili gogo liliuwahi.

"Heri nusu shari kuliko shari kamili," alizoea kusema baadaye, ameegemea mkongojo, akiwasimulia wageni jinsi binti yake alivyomwokoa. Mimi nilikuwa nikitoka nje asije akaniona uso.

Picha ninayo. Mjomba ametoka vizuri, kifua mbele. Baba ni kofia tu shimoni. Mimi uso umevurugika, kwa sababu nilikuwa nasalimia. Siku hizi mkulo haukatwi ovyo, na wajukuu zangu huingia na kutoka na simu zao bila kuamkia mtu. Juzi mdogo wao alikuja mbio, "Bibi, chungu kinaungua!" Binti yangu akamshika sikio: "Umemwamkia bibi?"

Nilimfokea binti yangu. "Mwache mtoto aseme!"