Amplifaya ya Kaka

Amplifaya ile ililetwa nyumbani na baba. Alikuwa kuli bandarini, na baharia mmoja aliyekuwa akipunguza mizigo yake kabla ya meli kuondoka alimwachia. Baba alidhani ni redio iliyopoteza kioo. Kaka yangu ndiye aliyeitambua. Alikuwa na gitaa la umeme, na kwa kuwa hakuwa na kitu cha kulichomeka, alikuwa akilipiga kavu huku amelaza sikio kwenye ubao wake ili asikie.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili katika nyumba ya Kiswahili, mtaa wa nyuma ya Msimbazi. Mama alikuwa Masasi, ameshika shamba katika kijiji cha ujamaa, na huku mjini tulikuwa watatu: baba, kaka na mimi. Mimi nilifanya kazi katika kiwanda cha kuunganisha redio. Kazi yangu ilikuwa kulehemu. Tulikaa wanawake peke yetu kwenye benchi ndefu, chuma cha moto mkono mmoja na waya wa risasi mkono mwingine, kila mtu na viungo vyake, na redio ikapita mbele yetu ikijaa kidogo kidogo. Kiungo changu hakikuachia. Lakini nilichokiunga kilifanya kazi gani ndani ya redio, sikujua, wala sikuwa nimewahi kujiuliza.

Amplifaya yenyewe ilikuwa na ukubwa wa kasha la sabuni. Sauti yake ilikuwa nyembamba na kali, kama bati linalokatwa. Mwenye nyumba wetu, bibi wa Kizaramo aliyeishi chumba cha mbele, alikuwa akifunga dirisha kila kaka alipoiwasha. Jioni moja alimwita barazani.

"Mjukuu wangu," alimwambia, "gitaa sikukatazi. Lakini hicho kisanduku chako kinanitia ganzi ya meno."

Kaka hakukasirika. Alisema hata yeye kinamtia ganzi. Wakati huo alikuwa akiitaka nafasi katika bendi ya shirika moja la umma. Mashirika mengi yalikuwa na bendi zao za dansi, na mwanamuziki aliyepata nafasi alikuwa mwajiriwa kama karani au dereva. Alikuwa amekwenda kujaribiwa gitaa la solo, na kiongozi wa bendi akamwambia akajinoe kwanza, arudi. Kaka alirudi nyumbani akiwa na uhakika kuwa kosa ni la amplifaya. Mtu atajinoaje kwa kitu kisichomwonyesha sauti yake?

"Wewe si unatengeneza redio?" aliniuliza.

"Naunganisha. Sitengenezi."

"Hiyo ni tofauti ya nini?"

Jumapili iliyofuata nilichukua bisibisi nikaifungua mezani, ili niwe nimeiona tu. Nyuma ilikuwa wazi, haina hata ubao. Spika ilikuwa ndogo kama kisosi, karatasi yake imepasuka ukingoni na mtu ameiziba kwa plasta ya kidonda. Kuhusu zile nyaya na vidude vingine, nilivitambua kwa sura kama unavyowatambua watu wa mtaa wa pili bila kujua majina yao.

Madukani spika haikuwepo. Miaka ile Kariakoo ungeweza kuingia duka la vifaa vya umeme ukakuta rafu zimefutwa vumbi vizuri, na juu yake hakuna kitu. Ndipo nikaenda mtaa wa Gerezani kwa fundi mmoja wa redio. Alikuwa mtu mzima, mnene, kibanda chake kimejaa redio za watu zinazosubiri, na macho yake yalikuwa yameanza kumsumbua.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umeleta au umefuata?"

Nilimweleza. Aliigeuza amplifaya, akaitazama kwa muda mrefu akiwa ameisogeza mbali na uso, halafu akanionyesha radiogramu kubwa ya mbao iliyokuwa pembeni, ile redio yenye santuri juu. Mashine yake ilikuwa imeungua na mwenyewe alikuwa amehama. Lakini spika yake, alisema, ilikuwa nzima, na namba iliyoandikwa nyuma yake ililingana na ya spika yangu, kwa hiyo zingeelewana.

"Unasema unalehemu kiwandani?"

"Ndiyo."

"Basi njoo Jumamosi ukitoka kazini, unilehemee hizi. Mimi naiona redio, kiungo sikioni."

Hayo ndiyo yaliyokuwa makubaliano yetu: spika kwa kazi. Nilikwenda Jumamosi ile na nyingine zilizofuata. Yeye alitafuta ugonjwa, mimi niliunga. Watu waliokuja kuchukua redio zao walinitazama, kisha wakamtazama yeye, naye akaendelea na kazi. Alikuwa na tabia ya kusema kwa sauti anachokifikiria, na kwa njia hiyo nikaanza kuelewa. Alinionyesha kapasita moja ndani ya amplifaya ya kaka, kitu kidogo kama punje ya mahindi.

"Huu ni mlango," alisema. "Sauti zote za gitaa zinapita hapa kwenda mbele. Aliyeiunda aliuacha mwembamba, na sauti nene hazipiti. Tafuta yenye namba kubwa zaidi kwenye hiyo radiogramu, uiweke mahali pake."

Niliibandua ile ya zamani nikaweka nyingine. Kulehemu kitu ambacho unajua kazi yake kulikuwa tofauti na kulehemu kiwandani, ingawa mkono ulifanya yaleyale. Siku hiyo sikulifikiria sana jambo hilo.

Sanduku alilitengeneza kaka. Spika ya radiogramu haikuingia kwenye kasha la mwanzo, kwa hiyo alichukua milango ya kabati la mninga lililovunjika, akapima, akakata, akapigilia uani huku watoto wa wapangaji wakimzunguka. Hakuwa seremala. Tulipoiwasha mara ya kwanza, ilinguruma kama lori lililosimama. Fundi aliniambia nyaya za kuingizia sauti zimepita karibu mno na transfoma; nizisokote pamoja na nizipitishe upande wa pili. Ngurumo ikapungua hadi ikawa kitu unachokisikia ukikitafuta tu. Ikabaki kelele ya mbao, maana kila uzi mnene ulipopigwa sanduku lilitetemeka na kugonga. Kaka alikata ndala zake kuukuu akaweka vipande vya mpira katikati ya spika na ubao. Haikutosha. Siku mbili tatu alizunguka na lile sanduku, akilibonyeza hapa na pale, kisha akaingia chumbani akatoka na mto wake. Aliupasua akajaza sufi pande zote za ndani, akaacha nafasi karibu na transfoma kwa sababu ya joto, akafunga ubao wa nyuma kwa skrubu. Baada ya hapo alilalia shati lililokunjwa mpaka mama alipotuma mto mwingine.

Aliijaribu alasiri, baba akiwa bado kazini. Nilikuwa nimekaa kizingitini nikichambua mchele. Alipiga nyuzi zote mara moja, taratibu, na sauti iliyotoka ilikuwa ya kitu kingine kabisa. Ilikuwa pana. Ilikuwa na chini na juu. Niliihisi kwenye saruji niliyoikalia. Bibi mwenye nyumba alikuja mpaka kwenye korido, kanga begani.

"Nani amekuja?" aliuliza.

"Ni mimi, bibi," kaka alisema.

"Haya. Endelea."

Akaendelea. Alipiga zile solo zote alizokuwa akizifanyia mazoezi kwa ajili ya bendi, zile za kasi, vidole vikikimbia kule juu ya shingo ya gitaa. Nilizijua zote, nilikuwa nimezisikia kwa miezi kupitia ukutani. Lakini mwanzo zilikuwa mkwaruzo mmoja usiogawanyika. Sasa kila noti ilisikika peke yake, na nikasikia kwamba nyingine zinawahi, nyingine zinachelewa, nyingine anazigusa tu na kuziruka. Sikuacha kuchambua mchele. Alirudia kipande kimoja, akakirudia tena, polepole zaidi, na kasoro ikawa palepale. Akazima.

"Umesikia?" aliniuliza.

Ningeweza kusema sikusikia. "Nimesikia," nilisema.

"Kumbe siyo amplifaya."

"Na yenyewe ilikuwa mbovu."

Alicheka kidogo, akaliegemeza gitaa ukutani, akatoka kwenda kununua sigara. Wiki ile hakuligusa. Baba aliniuliza kama kile kitu kimeharibika tena, nikamwambia hapana, ni kizima. Baba akasema watu wa bandarini nao huwa hivyo: mtu analilia winchi mpya, ikija anaiogopa.

Alipoanza tena, hakurudi kwenye zile solo. Alikuwa akikaa kitandani na kupiga nyuzi mbili za juu, zile nene, noti moja moja, akiacha nafasi kubwa kati yake. Mwanzoni nilidhani anajaribu spika. Kisha nikagundua kwamba anafuata kitu, mwendo fulani, na haukimbii. Kwenye mwendo ule hakuwa na haraka wala hakukosea. Bibi mwenye nyumba alikuwa akisuka ukili barazani huku kichwa kikimtikisika bila mwenyewe kujua. Ile amplifaya ya kwanza isingeweza kutoa noti hizo; ndiyo sababu hakuwahi kuzipiga.

Miezi kadhaa baadaye alirudi kwa kiongozi wa bendi, akamwambia anataka besi, gitaa la sauti nene. Alivyotueleza, yule bwana alimtazama akamwuliza, "Solo je?"

"Solo nimeiacha."

"Umeiacha au imekuacha?"

"Tumeachana," kaka alimjibu, na wote wakacheka, akapewa gitaa la besi la bendi ajaribu. Walimchukua. Baba alimpeleka kwa mshonaji akapimwe suruali.

Mimi niliendelea kwenda Gerezani Jumamosi hata baada ya deni la spika kwisha, na fundi hakuuliza kwa nini. Nilipoacha kiwanda nilikuwa naweza kuifungua redio na kuisoma. Amplifaya ilibaki nyumbani, kwa kuwa bendi ilikuwa na vyombo vyake. Bibi aliiazima kwa maulidi ya mjukuu wake, wakaunganisha kipaza sauti, na baada ya hapo ikawa inatoka mara kwa mara kwenda kwenye shughuli za mtaa. Mwaka mmoja umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu, ikaungua transfoma, na transfoma ya kuibadilisha haikupatikana.

Nilikwenda kumwona kaka akipiga mara moja tu, nikiwa bado kiwandani, kwenye dansi la Jumapili mchana. Niliingia mapema, ukumbi ukiwa nusu tupu, nikakaa pembeni na soda. Kaka alikuwa amesimama nyuma, karibu na mpiga ngoma, ameukazia macho mguu wake wa kupigia ngoma kubwa, ambao besi huufuata. Waliocheza walikuwa wakimtazama mpiga solo. Mara moja kaka aliinua uso akaniona, akanisalimia kwa nyusi, akarudi kwenye ule mguu. Nilimaliza soda yangu nikaondoka kabla watu hawajajaa, kwa sababu nilikuwa na zamu asubuhi.