Mukono wa Kushoto wa Fundi Feruzi

Mimi niko mutu wa hasira. Shule nzima inajua, na sitaanza kujisafisha hapa. Lakini ukitaka nikuelezee fundi Feruzi ni mutu wa namna gani, lazima nianze na hasira yangu, sababu ndiyo ilitukutanisha.

Feruzi ni fundi wa nguo hapa commune ya Tshopo, kwenye barabara ile inateremka kwenda mtoni. Ana masini moja ya kukanyaga kwa muguu, meza ya kukatia, pazia mahali pa mulango, na benchi ya wateja yenye muguu mumoja mufupi. Baba yake alikuwa fundi wa kanzu, babu yake vilevile. Yeye anashona vikwembe, vile vitenge vya wamama, na anashona vizuri, hata mutu asiyemupenda hawezi kubisha. Bibi yake wa ndoa alienda Yahuma kutafuta mchele wa kuuza, akatuma salamu mara mbili, kisha kimya. Alimuachia mutoto mumoja, Madina.

Madina iko na miaka kumi. Alichelewa kutembea, akachelewa kusema, na mpaka leo maneno yake utayahesabu kwa vidole: baba, maji, mikate, bado, hapana. Anasikia vizuri, anaona vizuri, anacheka na kila mutu. Lakini ukimuonyesha herufi leo, kesho imeshaondoka. Hospitali walimuambia Feruzi kwamba mutoto alikosa hewa siku ya kuzaliwa, ubongo ukaumia. Basi. Afanye nini na habari hiyo, hakuna aliyemuambia.

Shule ya kwanza ilimurudisha baada ya mwezi mumoja. Ya pili haikumaliza wiki mbili.

"Viziwi wako na masomo yao, shule yao," Feruzi aliniambia baadaye, "vipofu nao wako na yao. Wangu anasikia, anaona. Sasa mulango wake iko wapi, Madame?"

 

Kwetu, shule ninapofundisha, alimuleta Septemba, mwaka wa pili wa primaire. Alionana na Directeur, si na mimi. Akasema tu kwamba mutoto ana haya, haongei mbele ya wageni, akaenda zake. Asubuhi alikuwa anamuleta na kinga yake, ile baiskeli, anamuacha kwenye mulango wa uwanja, anageuza. Mimi nilikuwa na watoto sitini na watatu ndani ya chumba kimoja. Nikamuweka Madina benchi ya tatu, nikaendelea na kazi.

Kila siku natoa devoir ya nyumbani: hesabu tano na mustari mumoja wa kunakili. Asubuhi nakusanya kaye, madaftari yao. Na kaye ya Madina, mama yangu! Safi. Hesabu zote ziko mahali pake, herufi zinainama kidogo lakini zimekamilika, na mara mojamoja kosa dogo, lile kosa la mutoto mwenye haraka ya kwenda kucheza. Nikaweka nane juu ya kumi, tisa juu ya kumi. Halafu darasani nampa chaki, anasimama mbele ya ubao anaiangalia hiyo chaki, kisha anaitia kinywani. Wenzake wanacheka, naye anacheka pamoja nao. Nikimupa biki ya kuandikia, anachora mviringo, mviringo, mviringo, mpaka ukurasa unaisha.

Wewe ungefikiri nini? Mimi nilifikiri huyu ananichezea. Nyumbani anajua, mbele yangu anakataa. Na kama kuna kitu kinanipandisha damu, ni mutoto mwenye kujua halafu anafanya kama hajui.

Nilianza kwa maneno, nikaenda kwa rula juu ya vidole, nikamaliza kwa magoti. Namuita mbele, nafungua kaye yake, namuonyesha devoir. "Hii nani aliandika?" Anaangalia karatasi. "Bon. Chini." Anashuka kwenye changarawe pale nyuma, uso kwa ukuta, mikono juu, mpaka nimuambie simama. Ilikuwa karibu kila siku, Oktoba, Novemba, Januari yote. Kadiri kaye ilivyokuwa nzuri, ndivyo mutoto alivyokaa chini zaidi. Sikuona hata siku moja kwamba kuna kitu hapo hakiendi sawa.

Tena niliandika. Kila mutoto kwetu ana kaye ya communication, ambamo mwalimu anamuandikia muzazi na muzazi anasaini. Nikaandika kwa Kifaransa kizuri, kwa biki nyekundu: *Élève têtue.* Mutoto wa kichwa ngumu, anafanya kazi nyumbani, anakataa kufanya darasani. Kesho yake ikarudi imeandikwa "Vu", nimeona, na saini nzuri ya mutu aliyesoma. Nikaandika tena wiki ya pili, tena ya tatu. Vu, Vu. Muzazi mwenyewe hakuja hata mara moja. Wazazi wa siku hizi, nikasema, wanazaa wanatutupia.

Mwisho wa Februari ukafika, na wewe unajua wanawake wa hapa na kikwembe cha tarehe nane Machi, siku kuu ya wanawake. Sisi walimu tulichagua cha kijani chenye maua meupe. Wenzangu wakaniambia niende kwa fundi mumoja Feruzi, huyo haharibu nguo ya mutu. Jina Feruzi liko mingi mujini hapa, sikufikiri kitu. Nikaenda saa tisa za mchana na kikwembe changu kwapani.

Masini ilikuwa kimya. Nikafunua pazia. Mwanaume mumoja alikuwa ameinama kwenye meza ya kukatia, mita shingoni, anaandika. Anaandika kwa mukono wa kushoto, polepole, ulimi umetoka pembeni ya kinywa, na ule wa kulia ameukalia. Kaye ilikuwa na karatasi ya kahawia niliyoifunikia mimi mwenyewe. Chini, juu ya mukeka, Madina alikuwa na beseni ya vifungo vya nguo. Anatoa kimoja kimoja: vya matundu mawili huku, vya matundu mane kule. Nilisimama pale muda mzuri, sikuona hata kimoja kimekosea upande.

"Papa," nikasema.

Akageuka. Madina aliponiona, akaacha vifungo akaingia chini ya masini.

"Ni weye unaandikaka devoir?"

"Ni miye, Madame." Hakujaribu hata kukana.

"Tangu lini?"

"Tangu Septemba. Ya kuume inatokaka muzuri sana, mungestuka. Donc nilijifunza ya kushoto. Ilinikamata mwezi mbili, mbele ya masomo kufunguliwa."

"Na makosa?"

"Makosa naweka miye. Mbili ao tatu kwa juma. Ikikosa makosa, haitafanana na ya mutoto." Hapo sauti yake ilikuwa na majivuno kidogo, ya fundi anayeonyesha kazi yake.

Ee Mungu, hasira iliyonipanda! Nilipiga meza mpaka makasi ikaruka. "Unajua niko namupiga juu ya hii kaye? Unajua? Weye unaniandikia nane juu ya kumi, miye namupigisha magoti ku mawe, mutoto mwenye hana hata kosa!"

"Najua."

"Unajua?"

"Magoti yake, nani anaosha? Ni miye." Akaokota makasi, akaiweka mahali pake. "Madame, magoti inapona. Masomo wakimurudisha mara ya tatu, sina tena fasi ya kumupeleka. Nilihesabu vile. Mungu atanihukumu."  "Na tena weye uliandika têtue. Kichwa ngumu, wanaita vile mutoto mwenye akili. Wangu hakuna mutu alikuwa amemuita vile. Nilisoma ile neno mara na mara. Nisikudanganye, nilifurahi."

Nikakaa kwenye ile benchi, ikayumba. Nilisikia haya, haya ya kweli. Naye, sababu nilikuwa nimekuja kama muteja, akachukua mita akanipima: mabega, kifua, kiuno.  Alikuwa ananipima mimi niliyeumiza mutoto wake, na akaandika hesabu zangu kwa mukono wa kulia, mwandiko mzuri kabisa.

Tulipatana. Kuanzia Jumatatu, Madina ataleta kazi yake mwenyewe, hata kama ni mviringo tu, na mimi naacha mambo ya magoti. Kwenye pazia akanisimamisha.

"Kitu kimoja tu, Madame. Usiandike mu kaye. Tuongee na kinywa. Maandishi inasomwaka na watu."

"Siandiki, Papa Feruzi. Nimekupa neno langu."

Sasa hapa ndipo pabaya. Mwisho wa wiki nzima niliwaza, na sikuwaza Madina. Niliwaza inspecteur, anayekuja katikati ya Machi. Akikuta mutoto wa nane juu ya kumi asiyejua kushika chaki, atasema mimi, Chantal, natoa alama za uongo. Na akiona yale magoti je? Jumatatu asubuhi nikachukua biki nyekundu, nikaandika ndani ya kaye ya communication: Papa, naomba umuache Madina afanye devoir yake mwenyewe, mpaka leo ni wewe uliyekuwa unamuandikia. Tarehe, saini. Nilitaka iwe wazi kwamba mimi ndiye niliyedanganywa. Nikajiambia ni kati yangu na yeye tu, atasoma, atasaini, yataisha.

Hakuwahi hata kusoma. Siku hiyohiyo, saa nne, Directeur alipita darasa kwa darasa kukusanya kaye zote, azikague kabla ya inspecteur. Nilimuona anabeba ile rundo. Ningeweza kuitoa. Niliendelea kufundisha.

Alhamisi Feruzi akaitwa. Alikuja na mita yake shingoni, alisahau kuitoa. Directeur si mutu mubaya, ni mutu aliyechoka tu. Aliweka kaye mbili mezani, akamuuliza kama ni kweli. Feruzi akasema ni kweli. Kisha Directeur akanigeukia mimi.

"Madame Chantal, wewe ndiye unakaa naye. Huyu mutoto anaweza kufuata darasa ao hawezi?"

Feruzi aliniangalia. Ningesema, nipe mpaka Juni. Ningesema, anatenga vifungo mia mbili bila kukosea, na ndani ya wale sitini na watatu wangu kuna wasioweza. Ningesema kwamba sijawahi kumufundisha hata siku moja, nimemuadhibu tu.

"Hawezi," nikasema. "Hashiki kitu chochote unachomufundisha."

Nje, Feruzi alimupakia mutoto kwenye kinga. Nilimufuata, sijui nilitaka kusema nini.

"Ulisema hauandike," akaniambia. Basi. Heri angenitukana.

Kikwembe changu alikimaliza, akakituma kwa mwenzangu tarehe saba. Mawa, huzuni gani! Sijawahi kuvaa nguo iliyonikaa vile. Nilienda nayo kwenye défilé, maandamano ya wanawake, watu wakanisifu barabara nzima, na mimi nikacheka nao.

Inspecteur alikuja, akaenda. Kaye ya Madina hakuiona, haikuwako tena. Mwezi wa nne sikuweza tena kuvumilia. Nikanunua kaye mpya, nikafikiri nitaenda kwake mara mbili kwa wiki, mchana, nimufundishe Madina kwa vifungo. Njiani nilikuwa nimeshapanga somo la kwanza: kifungo ni mviringo, yeye anachora mviringo, tutaanzia hapo.

Feruzi hakunifukuza. "Ingia," alisema, akaendelea kukanyaga masini. Madina alikuwa pale kwenye mukeka na beseni yake, amevaa uniforme, blu na nyeupe. Baba yake akanieleza bila kuinua kichwa. Kila asubuhi mutoto anaivaa mwenyewe, anasimama karibu na kinga. Basi anampakia, wanaenda mpaka mulango wa shule, anamuambia leo wamefunga, wanarudi. Kila siku. Kesho yake amesahau, anavaa tena.

Nikakaa kwenye benchi. Nikamusalimu Madina mbote, nikacheka naye, naye akaniangalia. Safari hii hakukimbia. Nikatoa kaye mpya ndani ya saki yangu, nikaifungua mbele yake.

Aliweka vifungo chini. Akasimama, akageukia ukuta, pale zinapotundikwa nguo za wateja. Akapiga magoti. Akainua mikono juu, yote miwili, imenyooka vizuri kabisa. Sikuwa nimesema neno.

Na mimi ndiye nilimuambia Directeur kwamba huyu mutoto hashiki kitu unachomufundisha.

Masini ikanyamaza. Feruzi akashuka pale chini, akamushika mabega. "Madina, mama, simama. Hapa si masomo. Simama, ni baba."

Hakusimama. Alikuwa anangoja mimi niseme.