Koti la Stockholm Kwenye Friza ya Samaki

Mkiniona siku hizi napita mtaa wa Wadi Kabir, huku kwetu nchi ya Waarabu, nimeteremsha shela mpaka puani na nimegeukia upande wa magereji, msidhani nimeingia ucha Mungu wa ghafla, ni haya tu, maana upande wa pili lipo duka la samaki la mdogo wangu Nassor, na mule dukani wapo watu wazima na akili zao waliowahi kuniona nimelala chali sakafuni, nimevaa koti jekundu la kuendea theluji, natoa shahada kwa sauti ya juu. Na aibu ingeishia hapo ningeshukuru.

Nianze na safari yenyewe. Mimi na mume wangu Said tuna miaka mingi kwenye ndoa na hatujawahi kusafiri wawili peke yetu. Umra tumekwenda na wakwe, Unguja tunakwenda kwenye harusi na misiba (na huko mnalala wanawake chumba hiki, wanaume chumba kile), Dubai tulikwenda na watoto wakatapika njia nzima. Sasa watoto wamekua, na Said, ambaye ni mtu wa kupanga hata safari ya kununua mkate, siku moja akafungua kompyuta akaniambia, "Zuwena, Disemba nakupeleka Stockholm. Siku tano. Tukaone theluji." Jamani, mimi nikayeyuka. Kila jioni tukawa tunakaa na chai yetu tunapanga: hoteli ya karibu na maji, soko la vibanda vya mbao wanapouza asali na soksi za sufu, boti inayopita katikati ya vipande vya barafu, wapi tutapata nyama ya halali, na sala tutaziswali vipi, maana huko mwezi ule jua linazama watu hawajamaliza kula cha mchana, alasiri na magharibi zinafukuzana. Said akawa ananicheka, mimi namcheka, tumekuwa wachumba upya.

Kilichobaki ni radhi ya mama. Kwetu mtu hapandi ndege bila ya radhi ya mzazi, hata awe na wajukuu, na mimi sithubutu. Nikamwendea na halua, nikamwambia. Akaweka kikombe chini.

"Baridi? Baridi hiyo ilomuondoa Hemed?"

Mjomba Hemed alikuwa kaka yake mkubwa. Alipelekwa kusoma nchi za baridi akiwa kijana, kifua kikamkamata, akazikwa huko huko, na mama alikuwa msichana mdogo siku ilipofika simu ya upepo, ile ya maandishi, na bibi akaanguka mlangoni. Mpaka leo mama akisikia mtu anakohoa anauliza kama amelala na kiyoyozi.

"Mama, siku hizi kuna makoti," nikamwambia.

"Nna mtoto mmoja wa kike, sina wa akiba. Mnataka kuona barafu? Ipo kwenye friji, chungulieni. Radhi sitoi."

Hapo ndipo shetani aliponinong'oneza. Friji! Nassor si ana chumba kizima cha friza nyuma ya duka, anajaza nguru na jodari wanaotoka pwani ya Qurayyat, baridi yake kali kuliko ya Stockholm yenyewe? Nikasema basi, nitavaa nguo zangu zote za safari, niingie mule, nijipige picha za video nimesimama raha mustarehe nacheka, kisha nimuoneshe mama aone kwamba mtoto wake hafi kwa baridi. Uamuzi mdogo tu. Nilijiona nina akili za kupita kiasi.

Koti lilikuwa limeshafika, jekundu, refu mpaka kwenye kifundo cha mguu, limejaa manyoya, kama godoro lenye mikono. Glavu na kofia nilinunua soko la Matrah kwa muuzaji aliyeniapia kwamba Wazungu wanagombania. Nikavitia vyote kwenye mfuko mpaka Wadi Kabir. Nassor alikuwa anatoka kwenda kuswali adhuhuri, chai yake kaiacha kaunta, nikamwambia nasubiri. Sikumwambia nasubiri nini (angenicheka, na Nassor akicheka mtaa mzima unakuja kuuliza). Mercy, binti wa Kikenya anayekaa kwenye malipo, alikuwa anahudumia watu na hakuniangalia. Nikazunguka nyuma, nikavaa kila kitu huku jasho linanichuruzika, nikawasha taa ya friza kwa swichi iliyo nje, nikauvuta ule mlango mnene, nikaingia. Mlango ukajirudisha wenyewe nyuma yangu. Bup!

Mwanzo ilikuwa raha, wallahi. Jasho lilikauka, nikasimama mbele ya nguru waliopangwa kama kuni, nikaanza: "Assalamu alaykum mama, unaniona? Hata sitetemeki." Nikageuka kushoto, nikageuka kulia, nikafungua kofia nikafunga. Na hapo taa ikazimika.

Sijui kama mmewahi kukaa kwenye giza la aina ile. Si giza la kukatika umeme, ukasikia majirani wanaguna. Ni giza lenye ukimya, na mashine tu inanguruma juu ya kichwa. Nikacheka kidogo, ile cheko ya mtu anayejidanganya, nikapapasa mpaka mlangoni, nikashika chuma nikavuta. Haukuja. Nikavuta kwa mikono miwili. Glavu zikateleza, nikaenda kukaa juu ya kreti ya samaki. Nikainuka nikavuta tena, nikapiga ngumi, nikaita, "Mercy! Nassor! Jamani!" Sauti yangu ikaishia kwenye kofia. Nikawasha tochi ya simu, nikaona macho ya samaki yote yananitazama, na moshi wa pumzi yangu unapanda. Simu haina mtandao hata kijistari kimoja, na betri, ambayo nilitoka nayo nyumbani imejaa, inashuka huku naiona.

Nitawaambia kweli, hapo niliogopa. Niliogopa kuogopa kwa utotoni. Pua ikaanza kufa ganzi, nikasema hivyo ndivyo inavyoanza. Nikaanza kukohoa, na nilipojisikia nakohoa nikamkumbuka mjomba Hemed, nikamuona mama anafikishiwa khabari ya pili ya baridi katika maisha yake, na safari hii si simu ya upepo, ni Nassor mwenyewe kasimama mlangoni. Nikalia, machozi yakaniganda kwenye kope, na hilo likanitisha zaidi.

Nikaona bora niage. Nikafungua kundi la familia kwenye simu, nikashika kitufe cha sauti, nikatoa wasiya. Nikasema nimefungiwa kwenye baridi na sidhani kama nitatoka, mnisamehe nyote, bangili zangu apewe mwanangu Thuraya, mito mipya isitolewe kwa wageni wa msiba. "Na Said, mume wangu, usioe. Ukishindwa kabisa, basi asiwe Moza, maana biriani yake ni ubwabwa tu uliotiwa rangi." (Moza ni binti ami yake Said, mjane, na yumo kwenye kundi hilo hilo. Wakati ule sikuwa na nafasi ya kufikiria hayo.) Mwisho nikasema, "Na mama msimwambie, moyo wake hautaweza." Nikaachia kitufe. Ujumbe ukakaa pale pale unazunguka, hauendi, kwa sababu mtandao hakuna. Nikautia mfukoni pamoja na roho yangu, nikaegemea mlango, nikaanza shahada.

Basi mlango ukafunguka.

Mercy alikuja kumchukulia mteja nguru. Alichokutana nacho ni dude jekundu lisilo na uso linalomwangukia huku likisema Kiarabu. "Yesu wangu!" alipiga ukelele. "Bosi! Bosi kuja! Kuna mtu huku ndani!" Mimi nikaenda chali mpaka kwenye sakafu ya duka, na kwa vile nilishafumba macho kwa ajili ya kufa, nikaendelea na shahada yangu. Nilipofumbua, wateja wote wamenizunguka, mmoja kashika jodari kwa mkia tayari kunipiga.

"Dada?" Nassor alikuwa ndio kwanza anaingia kutoka msikitini. "Dada Zuwena, unafanya nini chini?"

"Nimefungiwa," nikamwambia kwa kulia. "Nimefungiwa humo ndani tangu asubuhi."

"Mama, pole sana," Mercy akasema, mkono kifuani. "Mimi nilipita nikaona stima inawaka, nikadhani imesahaulika, nikazima."

Nassor akaangalia mlango, akaniangalia mimi. Akaingia ndani ya friza, akaufunga, na mara ile ile akatoka. "Huu hauna kufuli, dada. Ukiwa ndani unasukuma. Kitufe hiki hapa, kikubwa kama sahani, mtu anakisukuma anatoka. Wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa navuta," nikasema.

Sitaki kuwasimulia kicheko kile. Walicheka wateja, alicheka na Mercy aliyekuwa bado anatetemeka. Nassor akaninyanyua akanipa chai yake aliyoiacha kaunta alipokwenda kuswali, na ile chai, jamani, ilikuwa bado ya moto. Hiyo ndiyo "tangu asubuhi" yangu. Nikataka kuvua koti nipate angalau kukimbia, zipu imeuma shela, haipandi haishuki. Nikasema moyoni, sawa, aibu yenyewe ndiyo hii, nitaimeza na chai.

Hapo simu ya Nassor ikalia, mtu wa ukoo anapiga. Akasikiliza, kicheko kikamtoka usoni. "Hapana, yupo hapa," akasema. "Nani kakwambia amekufa?"

Nikatoa simu yangu mfukoni. Ujumbe ulishaondoka. Mtandao ulirudi nilipoanguka pale sakafuni, na wasiya wangu ukafika kwa ukoo mzima wakati mimi nakunywa chai. Watu wanaandika innalillahi, Unguja wanauliza maziko saa ngapi. Nikaandika kwamba mimi mzima, lakini betri ikanizimikia kabla sijamaliza. Nassor akaandika na yeye, maneno yake yakazama kwenye innalillahi za watu, akampigia mama. Inaita, haipokewi. Akapiga tena. Haipokewi.

Ile hofu ya kwenye friza, nawaambia, ilikuwa mchezo. Niliona bibi anaanguka mlangoni, nikaona na mama vile vile. Tukaingia garini, Nassor anaendesha, mimi na koti langu kiti cha mbele, nje jua linachoma na mimi nimechemka kama kiazi, namwambia Mungu aichukue Stockholm yote na theluji yake aniachie mama tu. Kila taa ilikuwa nyekundu.

Tulipofika Ghubra kwa mama, nje ya nyumba magari yamejaa. Mikeka imeshatandikwa, mabirika ya kahawa yameshatolewa, wanaume wanabishana maiti iko hospitali gani, na Said wangu kaketi kwenye ngazi kashika kichwa, kando yake kasimama Moza na glasi ya maji. Nikapita katikati yao mwekundu mzima, nimevaa glavu. Wanawake wakapiga mayowe. Sikujibu salamu ya mtu.

Nikiwa kwenye ukumbi nikasikia sauti yangu mwenyewe inatoka chumbani kwa mama. "Na mama msimwambie, moyo wake hautaweza." Ikaisha, ikaanza tena mwanzo. Mama alikuwa kakaa juu ya msala, simu kaishika kwa mikono miwili karibu na sikio, anaisikiliza, ikimalizika anairudisha. Ndiyo sababu hakupokea simu ya mtu.

"Mama," nikasema.

Hakuinua uso. Nikapiga magoti mbele yake. Akanitazama, akaleta mkono taratibu akanigusa shavu.

"Zuwena? Si wamesema umekufa na baridi?"

"Sijafa mama. Nilikuwa kwenye friza ya Nassor. Nilitaka nikuoneshe."

Akanivua glavu moja, mkono wangu umerowa jasho. Akaingiza vidole ndani ya kola, akapapasa shingo. "Mbona una moto hivi?"

"Koti, mama. Zipu imekwama."

Akanipiga kibao cha mgongo, kibao kweli, ila lile koti lilikimeza. Kisha akanivuta akanikumbatia na godoro langu, tukalia mpaka watu waliojaa mlangoni nao wakalia, na msiba ukapata matumizi yake. Alipotulia akawa anaubonyeza mkono wa koti, anaubonyeza na kuuachia, anatazama unavyojaa tena.

"Hemed hakuwa na koti kama hili," akasema. "Alikwenda na suti ya baba ya harusi. Mie ndo nlompigia pasi."

Akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Haya nenda, nshakupa radhi. Lakini huko kwa watu, mlango usukume kwanza."

Tunaondoka Disemba, Mungu akipenda. Said ameapa haoi mtu, Moza kaniletea sinia la biriani kwa mikono yake na nikalila lote mbele yake bila kuinua kichwa. Mimi nimekula yamini kwamba simuondoi tena mtu hofu kwa kwenda kumtafutia kubwa zaidi, na sitii mguu penye mlango mzito kabla sijampigia mama. Ule wasiya nimemuomba aufute, amekataa. Nikipitisha siku bila kumpigia, ananipigia yeye, nasema "Mama, shikamoo," hajibu, ananifungulia tu ile sauti nijisikilize nafsi yangu inavyolia gizani, kisha anakata.