Damu ya Priska na Maji ya Same

Mwaka 1954 Aminieli alikuwa mpimaji damu katika zahanati ndogo pale Same. Alikuwa amefundishwa miezi sita kutafuta vijidudu vya malaria kwa hadubini, na kazi hiyo aliiweza. Kilichomsumbua ni maji. Kisima cha zahanati kilikuwa na magadi, na magadi huharibu rangi inayopakwa kwenye vioo vya damu. Kila kitu hukolea zambarau. Kioo kikimshinda kusoma, alilaumu kisima, na mara nyingi hakukosea.

Machi ya mwaka huo mdogo wake Priska alishuka kutoka kwao Mamba, mkono ubavuni kushoto.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mbona tumbo limetangulia? Shemeji ana habari?"

"Ingekuwa mimba ningekuja kwako wewe? Ni bandama. Nimelima Maore msimu mzima, mbu wa kule wamenimaliza."

Watu wa Mamba waliokuwa na mashamba Maore, chini tambarare, walirudi milimani na homa kila mwaka. Bandama lililovimba halikuwa na maelezo mengine.

Aminieli alimtoboa kidole, akapaka vioo viwili, kimoja akakitia rangi, cha pili akakiweka sandukuni. Vijidudu hakuona. Aliona madoa makubwa ya zambarau, yamesongamana kutoka ukingo hadi ukingo.

"Magadi haya," alisema, akakifuta kioo kwa kitambaa. Akampa kwinini. "Ni bandama la homa tu. Mwambie mama asiwe na hofu."

Neno hilo lilipanda mlima pamoja na Priska. Kwao, bandama la homa lilichanjwa: mistari midogo ya wembe juu ya mbavu, kisha majivu ya mizizi. Ila Eliakunda, mwanamke aliyechanja, hakumgusa mtu mpaka ahakikishe kwamba ni homa. Sasa uhakika umetoka hospitalini.

Baada ya wiki tatu, siku ya Jumatano, ikaja barua ya mama. Kwinini haijasaidia. Priska anatoka damu kwenye fizi, na miguu ina mabaka meusi bila hata kujigonga. Alhamisi Eliakunda atamchanja.

Fizi ndizo zilizomshtua. Homa haitoi damu kwenye fizi. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, na beseni lilikuwa limejaa uani. Alikitoa sandukuni kioo cha pili cha Priska, akakitia rangi kwa maji ya mvua, yasiyo na magadi, pamoja na damu ya Sefu, fundi wa reli aliyekuja siku hiyo na homa.

Damu ya Sefu ilitoka safi, waridi, chembe nyeupe mojamoja kama mbuzi waliotawanyika mbugani. Kwa Priska lilikuwa kundi zima limebanwa zizini. Chembe kubwa, changa, kiini kimejaa mpaka pembeni. Madoa yaleyale. Kisima hakikuwa na kosa.

Alimwita daktari wa zahanati. Daktari aliinama juu ya hadubini kwa muda mrefu.

"Saratani ya damu," alisema. "Chembe nyeupe zinazaliwa ovyo, hazikomai, zinajaza nafasi ya nyingine zote."

"Dawa?"

"Hapa sina. Ulaya wanajaribu, nao wanazika. Ni nani huyu?"

"Mdogo wangu. Kesho wanamchanja."

Daktari aliinua kichwa. "Wazuie. Damu hii haigandi."

Siku hiyo hapakuwa na lori. Alipata moja Alhamisi alfajiri hadi Maore, akapanda Mamba kwa miguu, akikimbia palipokimbilika. Alifika jua likiwa juu ya kichwa.

Priska alikuwa amelala mkekani, kanga imelowa ubavuni. Mistari saba, mifupi kama kucha. Eliakunda alikuwa ameibana kwa majani, tena na tena.

"Nimechanja watu miaka ishirini," alisema. "Damu haijawahi kukataa kukauka."

Aminieli alipiga magoti, akakandamiza kwa shati lake.

"Umebaki bila shati kama mchunga ng'ombe," Priska alisema polepole. "Kaka, uliona nini kwenye kile kioo?"

"Niliona nisichokijua. Nikakifuta."

"Ungekijua, ningepona?"

Alitaka kusema ndiyo, ili kosa liwe lake lote. "Hapana," alisema. "Ungeishi miezi michache."

"Miezi," alisema Priska, akageuza uso kuelekea ukutani.

Alifariki Ijumaa, kabla ya adhuhuri. Mama alimfunika, akamgeukia mwanawe.

"Si ulituma neno nisiwe na hofu?"

"Nilituma, mama."