Mume Hatajwi

Juzi, katika zahanati moja Bagamoyo, bibi mmoja aliikataa sindano. "Kule Tanga kuna dawa ilinivimbisha koo nusura nife. Jina lake silijui."

"Usihofu, bibi. Siku hizi faili la Tanga tunaliona hapa," muuguzi akasema. Akatafuta kwenye kompyuta, asilione. "Labda walikuandika kwa jina la mumeo. Anaitwa nani?"

Bibi akavuta mtandio mdomoni. "Mume hatajwi, mwanangu."

Muuguzi hakucheka. Akamsogezea kibodi. Bibi akabonyeza herufi mojamoja, kainamisha uso kama mwari. Faili likafunguka: dawa ni ileile iliyokuwa tayari kwenye sindano.

Waliounganisha kompyuta za mikoa nawashukuru. Ila bibi yule aliokolewa pia na muuguzi aliyekubali kutolisikia jina.