Neno la Siri Nililomficha Mama Mkwe

Hili nimejitakia mwenyewe. Mama mkwe alikuja kwetu Gongoni kwa wiki moja. Sasa ni mwezi wa tatu, na mimi nakula jikoni, maana kwa heshima sili mbele yake. Kwa uchovu, nikabadilisha neno la siri la intaneti ya nyumbani.

Juzi akaja na simu mpya. "Baba Neema, niunganishie nisikilize misa."

Ningelitamkaje neno hilo mbele yake? Nikajitia fundi: nikafungua kwenye simu yangu kile kipicha cha vidoadoa cha QR, simu yake ikisome na kujiunga yenyewe. Nikampa kwa mikono miwili. Kumbe chini ya picha neno huandikwa wazi!

Akavaa miwani, akasoma taratibu: "Mamamkweanaondokalini."

Akanirudishia simu.

"Kesho asubuhi, baba."