Hereni Zilizorudishwa

Sokoni hapa Naryn wanasema akina Burulsun walitukataa kwa sababu nyumbani kwetu kuna mwendawazimu. Waongo. Naandika ilivyokuwa, na atakayebisha aje kwangu, maana nusu ya mji huu nimeifundisha kusoma mimi.

Huyo wanayemwita mwendawazimu ni Asankul, mdogo wa marehemu mume wangu. Ndiye aliyemlea binti yangu Begaiym baba yake alipofariki. Aliendesha lori la makaa kwenye njia ya mlimani ya Dolon, katikati ya baridi, wakati wanaume wengine wamejikunyata penye jiko. Siku moja theluji iliporomoka mlimani ikalifunika lori, naye yumo ndani. Walimfukua akiwa hai. Tangu hapo hawezi kufungiwa mlango wa gari. Pumzi humkatika, hutapika.

Daktari wa akili yuko Bishkek, mji mkuu, na Bishkek huendwa kwa gari. Basi daktari akamtumia miwani mikubwa ya kufunika uso, kama ya mchomeleaji, ambayo ukiivaa unajiona uko kwingine. Asankul hukaa kitini chumbani mwetu, lakini mbele yake anaona usukani, barabara na theluji, ili aizoee hofu kidogo kidogo. Daktari kule aliko anaona yale yale kwa mtandao na kumsemesha masikioni: "Pumua, kaka. Theluji niizidishe au niipunguze?"

"Izidishe," husema, jasho likimtiririka.

Jirani yetu Saira alichungulia dirishani, akamwona anaendesha gari lisilokuwepo huku akipiga kelele. Chai haijapoa, habari zimefika kwa Burulsun, mama wa mchumba wa Begaiym, aliyemvisha binti yangu hereni za uchumba kwa mkono wake mwenyewe.

Burulsun akaja. Hata mkate hakuumega, na kwetu mkate haupitwi hivi hivi.

"Mkwe, mie na binti sina neno," alisema. "Ila shemeji yako, watu wanasema ana mashetani. Siku ya harusi mpelekeni malishoni, asionekane."

"Malishoni? Kwani yeye kondoo?"

"Usinirukie, mwalimu! Nalinda jina la watoto wetu."

"Jina! Mumeo alipolewa akalala mtaroni, nani alimbeba mpaka kwenu? Si huyo huyo mwenye mashetani? Harusini atakaa mahali pa heshima, mkabala na mlango. La sivyo, hakuna harusi."

Mlango ukafunguka. Asankul alikuwa chumba cha pili, kasikia yote. Alama ya miwani bado imemzunguka macho.

"Shemeji, yaishe," alisema. "Nitakwenda malishoni. Mtoto aolewe."

Begaiym alivua hereni moja, kisha ya pili, akaziweka mbele ya Burulsun.

"Chukua, mama. Baba mdogo haendi popote."

Alimpenda yule kijana. Asije mtu akasema hakumpenda. Kijana mwenyewe mpaka leo hajathubutu kubisha hodi.

Burulsun alizitia hereni mkobani akaondoka. Hakutunyang'anya. Tulimrudishia.

Juzi Asankul aliingia ndani ya lori lake, akafunga mlango, akawasha injini. Hakutoka uani. Begaiym aliketi kando yake, masikio matupu, akimwambia, "Pumua, baba mdogo," mpaka mikono yake ikatulia kwenye usukani.

Saira alikuwa kwenye ua wake, shingo kairefusha. Nikamfungulia lango letu wazi, achungulie mpaka ashibe.